Tuisheni na Ngazi za Elimu Tanzania Bara, 1961–2021: Historia ya Msaada na Mipaka Yake

1.0 Utangulizi

Historia ya elimu Tanzania Bara imeandikwa zaidi kwa kufuata sera, maazimio na taarifa za tume. Katika simulizi hiyo tuisheni hutajwa pembezoni, mara nyingi kama kosa la kinidhamu la mwalimu au kama mzigo wa mzazi. Hata hivyo, kwa zaidi ya miongo minne, sehemu ya ujifunzaji wa watoto wengi wa mijini, na baadaye wa vijijini, imefanyika nje ya ratiba rasmi: sebuleni, barazani, katika madarasa yaliyokodishwa jioni na katika vituo vya mitaani. Mwenendo uliodumu kwa muda mrefu hivyo hauwezi kuelezwa kwa tamaa ya walimu peke yake.

Katika makala hii, tuisheni ina maana ya masomo ya ziada yanayolipiwa na kufundishwa nje ya saa za kawaida za shule, yakihusu masomo yale yale yanayotahiniwa shuleni. Mark Bray, katika utafiti wake uliochapishwa na UNESCO mwaka 1999, aliyaita masomo ya aina hii elimu kivuli, kwa sababu hufuata umbo la mfumo rasmi jinsi kivuli kinavyofuata mwili. Istilahi hiyo inafaa kwa Tanzania, lakini inahitaji kuongezewa jambo moja. Mfumo wa Tanzania haukuwa na umbo moja kutoka chini hadi juu, kwa hiyo kivuli chake nacho hakikuwa kimoja. Mahitaji ya mtoto wa Darasa la Tatu asiyejua kusoma yalitofautiana na ya kijana wa Kidato cha Kwanza aliyekutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia, na yote mawili yalitofautiana na ya mtu mzima aliyetaka kufanya mtihani bila kuwa na shule.

Hoja kuu ni kwamba tuisheni ilimfaa mwanafunzi pale ilipojaza pengo ambalo darasa halikuwa na uwezo wa kulijaza, na ilimdhuru pale ilipouza kile ambacho darasa lilipaswa kukitoa. Mpaka kati ya hali hizo mbili ulibadilika kutoka ngazi moja hadi nyingine na kutoka kipindi kimoja hadi kingine.

2.0 Usuli: Kufundishwa Nje ya Darasa kabla ya Tuisheni

Kumfuata mjuzi nyumbani kwake si jambo geni katika Afrika Mashariki. Katika miji ya pwani, mwanafunzi aliyehitimu kusoma Kurani chuoni aliweza kuendelea na darsa za fikihi, nahau au tafsiri kwa sheikh, msikitini au nyumbani kwa sheikh huyo. Katika jando na unyago, mwari alikuwa na kungwi au somo wake aliyemwandaa na kumsimamia. Mafunzo hayo yalikuwa na ada na heshima zake, lakini hayakuwa kivuli cha mfumo mwingine. Yalikuwa mafunzo kamili yenye malengo yake yenyewe.

Tuisheni ya kisasa ilihitaji sharti lingine, yaani mtihani wa kuchuja unaosimamiwa na dola, ambao matokeo yake huamua nani aendelee na nani abaki. Sharti hilo lilikuwepo tangu ukoloni. Mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa na wanafunzi wa sekondari wasiozidi 12,000. Elimu iliyotengwa kwa misingi ya rangi ilikomeshwa kisheria kuanzia mwaka 1962, lakini wembamba wa mlango wa sekondari ulibaki.

Kuwepo kwa mchujo mkali hakukutosha kuzalisha tuisheni kwa kiwango kikubwa katika muongo wa kwanza wa Uhuru. Idadi ya waliofika mwisho wa elimu ya msingi ilikuwa ndogo, na mshahara wa mwalimu uliweza kumtunza yeye na familia yake. Aidha, baada ya Azimio la Arusha na falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, kujipatia kipato cha pembeni kulitiliwa shaka kimaadili, na miiko ya uongozi iliwakataza viongozi, wakiwemo watumishi wa umma wa ngazi za kati na za juu, kuwa na mishahara miwili. Katika mazingira hayo, mwalimu aliyewabakiza wanafunzi jioni alihesabiwa kuwa mwenye moyo wa kujitolea, na wazazi walimshukuru kwa namna zao bila ya kuwepo bei.

3.0 Mlango Mwembamba na Mshahara Uliopungua, 1974–1995

Mabadiliko makubwa yalianza na Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililoamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe ifikapo mwaka 1977 badala ya 1989. Uandikishaji ulipanda kutoka wanafunzi takribani milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3.5 mwaka 1983. Ili kuwapata walimu, Serikali iliwachukua wahitimu wa Darasa la Saba na kuwafundisha ualimu wakiwa vijijini, kwa redio, kwa masomo ya posta na kwa kusimamiwa na waratibu. Zaidi ya walimu 35,000 walipatikana kwa njia hiyo. Mafanikio hayo hayapaswi kubezwa, kwani watoto wa wakulima na wafugaji ambao wazazi wao hawakuwahi kuona ubao waliingia darasani kwa mara ya kwanza.

Hata hivyo, upanuzi wa chini haukuambatana na upanuzi wa juu. Sekondari zilizuiwa kukua kwa kisingizio cha uwiano na mahitaji ya nguvukazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, chini ya wahitimu 5 katika kila 100 wa Darasa la Saba walichaguliwa kuingia sekondari za Serikali. Mgawanyo wa nafasi kwa wilaya na mikoa ulipunguza upendeleo wa kijiografia, lakini ndani ya kila wilaya ushindani uliongezeka.

Wakati huo huo uchumi ulianguka. Vita vya Kagera vya 1978–1979, kupanda kwa bei ya mafuta na udhaifu wa mashirika ya umma vilisababisha uhaba wa bidhaa na mfumuko wa bei. Mshahara wa mtumishi ulipungua thamani mwaka hadi mwaka. Aili Mari Tripp, aliyefanya utafiti Manzese na Buguruni mwishoni mwa miaka ya 1980, ameonesha jinsi familia za wafanyakazi wa Dar es Salaam zilivyoishi kwa miradi: kufuga kuku, kuuza maandazi, kushona nguo. Mwalimu hakuwa na mtaji wa kuku wala cherehani. Mtaji wake ulikuwa ule anaoufahamu, na soko lake lilikuwa wazazi walioona mlango wa sekondari ukiwa mwembamba. Kwa hiyo tuisheni ni lazima ieleweke kama mmoja wa miradi ya kipindi hicho.

Mageuzi yaliyofuata yaliupa mradi huo uhalali. Ada ya sekondari ilirejeshwa mwaka 1985, sekondari za binafsi, zikiwemo za Jumuiya ya Wazazi, ziliongezeka, na mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza miiko ya uongozi. Fikra kwamba elimu ni huduma inayoweza kununuliwa iliingia katika lugha ya kawaida ya wazazi hata kabla ya kutamkwa katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995.

4.0 Msaada wa Tuisheni kwa Kila Ngazi

4.1 Elimu ya Msingi: Kati ya Kusoma na Kukariri

Katika ngazi ya msingi, pengo la kweli lilikuwa katika madarasa ya awali. Mtoto aliyekaa na wenzake themanini au mia moja katika chumba kimoja hakuweza kusikilizwa akisoma peke yake hata mara moja kwa wiki. Stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK, huhitaji mwalimu amsikie mtoto, atambue silabi inayomkwamisha na amrudishe hapo. Kikundi cha watoto watano barazani kwa mwalimu mstaafu kiliweza kufanya hivyo. Msaada huo ulikuwa wa kweli kwa sababu darasa lenye msongamano halikuwa na namna ya kuutoa.

Kwa bahati mbaya, fedha za wazazi hazikuelekezwa huko. Kwa kuwa mchujo ulikuwa Darasa la Saba, tuisheni ilijikusanya katika madarasa ya juu na ikachukua sura ya mtihani wenyewe: kujibu maswali ya miaka iliyopita, kukariri majibu na kujifunza mbinu za kuchagua herufi sahihi. Mwelekeo huo uliimarika kuanzia mwaka 2012, Baraza la Mitihani lilipoanza kusahihisha mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kwa mashine, na maswali yote, hata ya Hisabati, yakawa ya kuchagua. Mwaka huo huo Serikali yenyewe ilikiri kwamba maelfu ya wanafunzi waliochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza hawakumudu kusoma na kuandika. Tathmini za Uwezo, zilizoanza mwaka 2010, zilikuwa zimekwishaonesha kwamba chini ya nusu ya watoto wa Darasa la Tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha Darasa la Pili.

Ushahidi huu unaonesha kwamba katika ngazi ya msingi tuisheni iliwekwa mahali pasipofaa. Msaada uliohitajika mapema ulitolewa umechelewa, na ulipofika ulilenga karatasi ya mtihani kuliko msomaji. Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioboreshwa mwaka 2015 na kujikita katika KKK ulikuwa kwa namna fulani jibu la Serikali kwa pengo ambalo soko la tuisheni halikuliona kuwa na faida.

4.2 Kuingia Kidato cha Kwanza: Pengo la Lugha

Ngazi ya pili ni ya mpito, nayo ndiyo inayodhihirisha vizuri zaidi uwezo wa tuisheni kusaidia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali, wakati sekondari imebaki katika Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Criper na Dodd walihitimisha kwamba ni takribani mwanafunzi 1 kati ya 10 wa Kidato cha Nne aliyefikia kiwango cha Kiingereza ambacho kingetosha tu kuanzia masomo kwa lugha hiyo. Mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza uliofadhiliwa na Uingereza ulianza mwaka 1987, lakini mgawanyiko wa lugha ulibaki palepale.

Mwanya huu ndio ulioleta masomo ya maandalizi ya Kidato cha Kwanza. Kati ya mtihani wa Septemba na ufunguzi wa shule Januari, mhitimu wa Darasa la Saba alikuwa na miezi mitatu isiyo na shule. Vituo vya tuisheni vilimpokea na kumfundisha msamiati wa Baiolojia, Jiografia na Hisabati kwa Kiingereza, pamoja na muundo wa sentensi. Jambo muhimu ni kwamba mwalimu wa kituo alikuwa huru kufundisha kwa lugha mbili. Aliweza kusema usanisinuru kwanza, akaeleza jani linavyotumia mwanga kutengeneza chakula, kisha akatoa jina lake la Kiingereza. Mwalimu wa darasa rasmi alifanya vivyo hivyo, lakini kwa kificho, akiogopa mkaguzi.

Katika ngazi hii mwalimu wa tuisheni hakuwa amenyima somo lolote shuleni, kwa kuwa shule yenyewe haikuwa wazi. Lakini faida hiyo ilimfikia aliyekaa karibu na kituo na aliyeweza kulipa. Mtoto wa kijijini aliitumia miezi hiyo mitatu shambani au machungani, akaingia Kidato cha Kwanza akiwa nyuma ya mwenzake kabla somo la kwanza halijaanza. Kozi ya utangulizi iliyotolewa shuleni kwa wiki chache za mwanzo haikutosha kuifuta tofauti hiyo.

4.3 Kidato cha Nne na cha Sita: Uhaba wa Walimu wa Sayansi

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, pamoja na kampeni ya ujenzi wa sekondari za kata, ulipanua mlango ambao ulikuwa mwembamba kwa miongo mingi. Idadi ya sekondari ilipanda kutoka 1,745 mwaka 2005 hadi 4,266 mwaka 2010. Kama ilivyotokea baada ya Azimio la Musoma, majengo yalitangulia na walimu wakachelewa. Zilikuwepo shule zisizo na mwalimu hata mmoja wa Fizikia au Hisabati, na nyingi hazikuwa na maabara, hadi Rais Jakaya Kikwete alipoagiza mwaka 2012 kwamba maabara zijengwe katika sekondari za kata. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionesha zaidi ya nusu ya watahiniwa wakipata daraja sifuri. Yalizua mjadala mkali wa kitaifa, na baadaye yalipangwa upya.

Kwa mwanafunzi wa shule ya aina hiyo, tuisheni haikuwa ya ziada, kwa kuwa hapakuwa na somo la kuongezea. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa likizoni au mhitimu aliyesubiri ajira alikuwa ndiye mwalimu wake pekee wa Fizikia. Dar es Salaam, eneo la Mchikichini wilayani Ilala lilijulikana kwa madarasa ya jioni yaliyojaa wanafunzi wa tahasusi za sayansi kutoka shule mbalimbali za jiji. Walimu wa vituo vya namna hiyo walipimwa na wanafunzi wenyewe. Asiyeeleweka alibaki na viti vitupu.

Udhaifu wa msaada huu ulikuwa wa aina mbili. Kwanza, kituo kiliweza kutoa nadharia na utatuzi wa maswali, lakini hakikuweza kutoa maabara. Mwanafunzi alijifunza kuhusu titresheni bila kushika bureti. Pili, mahali ambapo mwalimu wa tuisheni alikuwa ndiye mwalimu wa darasani, mgongano wa masilahi haukuepukika. Mada ngumu iliyopitiwa juujuu asubuhi iliweza kuelezwa kwa kina jioni kwa waliolipa. Malalamiko ya aina hii yamejirudia katika mijadala ya umma tangu miaka ya 1980, na ndiyo yaliyoifanya Serikali kupiga marufuku tuisheni mara kwa mara.

4.4 Nje ya Shule: Watahiniwa wa Kujitegemea

Ngazi ya nne haimo katika ngazi rasmi, ila ndiyo inayogusa uhai wa watu wengi waliokwisha hesabiwa kuwa wameshindwa. Elimu kwa njia ya posta, iliyoanzishwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima mwaka 1972, iliwapa wafanyakazi na wahitimu wa Darasa la Saba nafasi ya kusoma hadi kiwango cha sekondari. Baada ya Sheria Na. 21 ya mwaka 1973 kuunda Baraza la Mitihani la Tanzania, mtu asiye na shule aliweza kuingia katika mtihani wa taifa kama mtahiniwa wa kujitegemea, na asiyepitia sekondari alitakiwa kwanza kufaulu mtihani wa maarifa. Kitabu cha posta kilifika polepole na hakikujibu swali. Kituo cha tuisheni kilijibu.

Kundi moja linastahili kutajwa peke yake. Kwa miongo mingi, msichana aliyepata ujauzito aliondolewa shuleni. Kanuni za mwaka 2002 zilitoa msingi wa kisheria wa kumfukuza, na msimamo huo ulisisitizwa hadharani mwaka 2017. Hadi Novemba 2021, Serikali iliporuhusu warudi katika shule rasmi, njia waliyobakiwa nayo wengi wao ilikuwa masomo ya nje ya mfumo rasmi na mtihani wa kujitegemea. Mama mwenye umri wa miaka kumi na saba aliyekaa nyuma ya darasa la kituo akiwa na mtoto mapajani hakuwa akitafuta alama za ziada, bali ule mlango aliofungiwa. Hapa tuisheni ilitoa kile ambacho darasa lilikataa kukitoa, na iliwatoza gharama wale waliokuwa na uwezo mdogo zaidi wa kulipa.

5.0 Mjadala: Marufuku na Matokeo Yake

Serikali za Afrika Mashariki zimejaribu zaidi ya mara moja kuikomesha tuisheni kwa amri. Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya likizo na kuweka adhabu kwa wakiukaji. Tanzania Bara ilitumia zaidi nyaraka na maagizo. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, uliotekelezwa kuanzia Januari 2016, uliondoa ada na michango ya lazima hadi Kidato cha Nne, na kwa hiyo ukafunga njia ya shule kuwatoza wazazi fedha za masomo ya ziada.

Lengo la hatua hizo lilikuwa sahihi pale zilipomlenga mwalimu anayeuza somo lake mwenyewe. Lakini marufuku ya jumla haikutofautisha ngazi. Ilimgusa kwa namna moja mwalimu aliyeficha mada na yule aliyewasikiliza watoto watano wakisoma silabi, na mara nyingi iliisukuma tuisheni kutoka shuleni, ilikoweza kusimamiwa na hata kupunguzwa bei, hadi majumbani ilikokuwa ghali na isiyoonekana. Mwenye uwezo alimwita mwalimu nyumbani. Asiye na uwezo alipoteza hata darasa la jioni la bei nafuu. Shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19 kuanzia Machi hadi Juni 2020, tofauti hiyo ilionekana waziwazi. Vipindi vya redio na televisheni vilirushwa, lakini aliyeendelea kusahihishwa kazi zake ni yule mwenye mwalimu wa kumlipa.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba tuisheni Tanzania Bara ilitokana na kukutana kwa mlango mwembamba wa mchujo na mshahara uliopungua thamani, na kwamba kazi yake haikuwa moja katika ngazi zote. Katika madarasa ya awali ingeweza kuwa msaada mkubwa wa kusoma, lakini soko liliipeleka kwenye mtihani wa Darasa la Saba. Katika mpito wa Kidato cha Kwanza ilijenga daraja la lugha ambalo sera ilikuwa imeliacha bila kujengwa. Katika Kidato cha Nne na cha Sita ilichukua nafasi ya walimu wasiokuwepo, na wakati mwingine ikawafanya waliokuwepo wafundishe nusu nusu. Kwa waliotolewa shuleni, ilikuwa shule yenyewe.

Tafsiri inayotokana na historia hii ni kwamba kila mahali tuisheni ilipostawi, iliashiria wajibu fulani wa umma ambao haukutimizwa. Kuipiga marufuku bila kuutimiza wajibu huo ni kuondoa dalili na kuacha ugonjwa, na kuisifu bila kuuliza nani anaachwa nje ni kuhalalisha mtoto mmoja afundishwe mara mbili na mwingine asifundishwe hata mara moja. Miezi mitatu kati ya Darasa la Saba na Kidato cha Kwanza, dakika chache za kumsikiliza mtoto akisoma na kituo cha jioni kwa aliyekosa shule ni maeneo ambayo msaada wa mwalimu wa ziada umethibitika kuwa na thamani. Kwa kuwa wazazi wamekuwa wakiigharamia thamani hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini, swali linalobaki kwa watunga sera ni namna ya kuifikisha kwa mtoto ambaye mzazi wake hana cha kulipa.